Wimbo wa Mlango Mfupi

Mwanangu Ayikoru,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko nyuma ya pazia na mama yako, mnabishana juu ya begi. Yeye anataka uchukue blanketi zito, wewe unasema Mwanza hakuna baridi. Mimi nimetoa kigoda nje, nimekiweka ubavuni mwa bati letu, hii nyumba ya duara tunayolala, jua la alasiri linanichoma mgongo, na ninaandikia gotini kwa kalamu ya kazini. Ukichungulia mlangoni utadhani najaza ripoti. Dhani hivyo hivyo.

Habari za chakula, dawa za malaria na watu wa kuepuka, mama yako amekwisha kukueleza, tena kwa sauti ambayo kambi nzima ya polisi imefaidika nayo. Sitarudia. Nataka kukuandikia yale ambayo nikijaribu kuyasema kwa mdomo, nageuka afande. Wewe mwenyewe unajua. Kila ninapoanza kuzungumza nawe jambo la maana, najikuta natoa amri. Kwenye karatasi nina upole kidogo. Na Kiswahili changu cha karatasi ni kizuri kuliko cha mdomoni, kwa sababu ule mwaka wa kozi kule Tanzania mwalimu wetu alikuwa akisahihisha ripoti zetu kwa wino mwekundu mpaka tukaona haya.

Nianze na daftari.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Wiki ile tulipelekwa Namuwongo, kule bondeni karibu na reli, kusimamia ubomoaji wa nyumba. Mwenye kiwanja alikuwa na karatasi zake, sisi tukaambiwa twende tusimame. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu mlangoni, ukavisugua kama ulivyofanya kila jioni tangu ukiwa mdogo. Siku ya tatu yake, nikitafuta kiberiti, nikaliona daftari lako chini ya mto. Nikasoma:

Kila jioni nasugua viatu vya Baba,
tope la leo si la kambi, si la barabara.
Ni tope la Namuwongo, nalijua vizuri,
ni la mlangoni kwa rafiki yangu Suzi.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikakuita, nikalichana daftari mbele yako, ukurasa baada ya ukurasa, hata zile kurasa za hesabu ambazo hazikuwa na kosa lolote.

"Unataka nifukuzwe kazi?" nikakuuliza.

Ukanijibu bila kupandisha sauti, "Baba, wewe hukusema kitu. Ndiyo maana nimeandika."

Mama yako alikuwa anakatakata chapati za kuchanganya na maharage, kikomando chake cha kuuza jioni. Akaweka kisu chini.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba siku ile niliogopa kupoteza kazi. Haikuwa kweli. Daftari la mtoto wa shule lililofichwa chini ya mto halimfukuzishi mtu kazi. Nilichoogopa ni kwamba ulikuwa umeniona. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nikaoga, nikaswali, nikala, nikataniana na majirani, nikadhani ile siku nimeiacha nje ya mlango. Kumbe wewe, na burashi yako mkononi, ulikuwa umeisoma yote kwenye soli za viatu vyangu.

Baada ya hapo ulikuwa na adabu isiyo na dosari. Baba, maji tayari. Baba, chakula tayari. Zaidi ya hayo sikupata kitu kutoka kwako kwa miaka miwili. Ulimaliza shule, ukaenda kujifunza ushonaji Wandegeya, ukawa unarudi jioni na vipande vya uzi kwenye nywele, nami nikaamini kwamba mambo ya kuandika yamekwisha. Niliona hata fahari kidogo. Nilijipongeza kwamba nimekuokoa.

Sasa nikueleze nilivyokutana na Binti Konstebo.

Ilikuwa mchana, kwenye kantini ya kambi. Konstebo Okello, yule kijana mrefu wa Gulu anayecheka kabla hujamaliza kusema, alikuwa amekaa pembeni na simu, sikio moja limezibwa. Wenzake watatu walikuwa wamemzunguka wakisubiri zamu ya kusikiliza. Nilipoingia wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa amekataza muziki, lakini walinyamaza.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Afande, wewe sikiza hii kitu," Okello akasema, akanipa kile kidude cha sikioni. "Huyu mutoto najua sisi kabisa. Mimi sijui alikaa wapi akatuona."

Nikaweka sikioni. Ayikoru, kabla ya sauti yako nilisikia mvua. Mvua inayopiga bati la duara, na katikati yake kitu kinachokwaruza, kwa mpigo, tena na tena. Nikakijua. Ulikuwa mlango wetu, ile bawaba ya juu ambayo nimeahidi kuipaka mafuta tangu dada yako azaliwe. Ulikuwa umeurekodi mlango wangu ukaufanya ngoma. Kisha wewe ukaingia:

Mama, ingia pole, mlango wetu mfupi.
Baba analinda maghorofa, sisi tunalala wapi?
Mchana amesimama wima, bunduki begani,
jioni anainama kama mwizi kuingia nyumbani.

Mtu asiyeishi humu hawezi kujua kwamba nyumba hizi za bati sisi wenyewe tuliziita "mama ingia pole" miaka mingi kabla hujazaliwa, kwa sababu ukiingia kwa haraka bati linakupasua kichwa. Jina lilikuwa la kuchekesha. Tulilitumia tukacheka, na kicheko kile kilitusaidia tusiseme zaidi. Wewe ulilichukua jina letu la mzaha ukalisema bila kucheka. Nilisimama pale kantini na kidude sikioni mpaka wimbo ukaisha.

"Anaitwa nani?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Binti Konstebo," Okello akasema.

Nilikuwa sajenti mwaka wa sita wakati huo. Serikali ilikuwa imenipandisha, wewe ukaniacha konstebo.

Nikamwuliza ameupata wapi. Akasema redioni haupigwi, unapatikana Wandegeya, kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi. Unampa simu, anakuwekea. Jumamosi nikavaa shati la nyumbani nikaenda. Duka lenyewe unalijua, maana baadaye ulinicheka ulipojua kwamba nilikwenda. Ile mashine ya kutoa nakala inatoa moshi, na Nalongo, mwenye duka, kasimama mlangoni anajipepea kwa karatasi.

"Ssebo, bwana, nikuwekee gani? Za kilokole ama za kucheza?"

Nikamwambia nataka zile za watoto wanaosema mambo. Akanitazama viatu. Viatu vya polisi havijifichi. Nikadhani atanifukuza. Badala yake akavuta kiti.

"Afande, nyinyi ndio mnanunua sana," akasema. "Nyinyi, na manasi wa hospitali, na walinzi, na wale wa bodaboda. Wanafunzi wanakuja kuuliza ni mpya gani. Nyinyi mnakuja kuuliza ileile."

Nikamwuliza kwa nini watu wanapenda muziki ambao hata redio haiutaki.

Akafikiri kidogo. "Mimi nasimama hapa tangu asubuhi. Nyimbo za ledio zinaniambia tu, cheza, cheza. Nacheza na miguu gani? Huyu mutoto ananiuliza, mama, umeamkaje? Hakuna mutu mwingine ananiuliza."

Nimeyabeba maneno ya Nalongo mpaka leo. Wasomi wanaokuja kuwahoji ninyi waimbaji wanauliza habari za siasa, na ninyi mnajibu vizuri, nimewasikia. Lakini mimi niliwaona wasikilizaji wako kabla hawajajua kwamba nawatazama. Okello hakuwa anasikiliza siasa. Alikuwa anasikia nyumba anayolala ikitajwa na mtu ambaye haombi radhi. Mtu akiishi miaka mingi katika jambo ambalo halitajwi huanza kufikiri kwamba labda analiona peke yake, labda macho yake ndiyo mabovu. Kisha siku moja, simu ya mwenzake, sauti ya msichana asiyemjua, na kumbe wote waliliona. Niliona mabega ya wanaume wazima yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inanikataa. Hili hulijui. Mama yako pia halijui.

Wiki iliyofuata inspekta wetu aliniita ofisini. Alikuwa na simu mezani, na wimbo wako ulikuwa umesimamishwa katikati.

"Sajenti, wanasema huyu msichana anatoka kambi hii. Wewe una binti wa umri huo."

"Wapo wengi, Afande."

"Nakuuliza wa kwako."

Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikasema, "Si wangu, Afande. Wa kwangu anajifunza ushonaji."

Akanitazama, akasema niende. Nilipofungua mlango nikamkuta Okello amesimama nje na faili. Alikuwa amesikia yote. Jinsi nilivyolisema lile "si wangu" ndiyo iliyomfungua macho, akajua. Hakucheka safari hii. Alitazama ukutani mpaka nikapita.

Nilikukana, mwanangu. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitishia. Niliulizwa swali moja ofisini, saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, nikakukana. Jioni ile uliniletea maji ya kutawadha, nikashindwa kukutazama, ukadhani bado nina hasira ya daftari. Ningeweza kukuacha usilijue hili kamwe. Lakini umekuwa ukinisifu huko kwa watu kama baba aliyesimama jukwaani, na sifa ile imekuwa ikinibana kama kiatu cha mtu mwingine. Nilisimama jukwaani kwa sababu kwanza nilianguka ofisini. Ujue yote mawili.

Jukwaa lenyewe unalikumbuka kwa upande wako. Nikupe upande wangu.

Ilikuwa Jumapili, mchana mweupe, uwanja wa mpira karibu na reli. Tuliambiwa vijana wamekusanyika bila kibali, twende tuwatawanye kwa amani. Tulishuka kwenye lori na ngao zetu. Nilidhani nitakuta watoto wahuni mia moja hivi. Nikakuta akina mama na vikapu vyao, mafundi, wasichana wa saluni na rola kichwani, wazee wamekaa juu ya mataruma ya reli, kila mtu ametulia anasikiliza kama yuko msibani au harusini, sikujua ni kipi. Na wewe juu ya mbao zilizolazwa kwenye makreti ya soda, umevaa gauni ulilolishona mwenyewe.

"Sajenti," inspekta akasema, "nenda kachukue hiyo maikrofoni. Polepole, bila fujo."

Nikaenda. Watu walinipisha, na kunipisha kwao kulikuwa kubaya kuliko kama wangenizuia. Uliniona nikiwa katikati ya uwanja. Hukusimamisha wimbo. Ulifika pale pa kuinama kama mwizi, ukanyoosha maikrofoni kwa watu wamalizie, wakamalizia. Na nyuma yangu nikasikia sauti nyingine, nzito, za watu waliovaa buti. Nikageuka. Okello alikuwa anaimba na ngao yake mkononi, mdomo wazi kabisa, na waliokuwa kushoto na kulia kwake wanaimba, na hakuna aliyepunguza sauti.

Nikapanda. Nikanyoosha mkono. Ukanipa maikrofoni bila kubisha, na uso wako ulikuwa uleule wa siku ya daftari, wa mtu aliyekwisha kuhesabu hasara yake. Nilikuwa natakiwa nigeuke nishuke. Sikushuka.

Nikasema, "Mimi ni Sajenti Juma. Nyumba anayoimba ni yangu. Mlango ni huo mfupi, na anayeinama ni mimi." Ile mashine ikapiga mluzi, nikaogopa, nikaisogeza mbali na mdomo. "Huyu ni binti yangu."

Baada ya hapo sikujua mtu humalizia vipi, kwa hiyo nikatoa amri, kama kawaida yangu. "Endelea kuimba. Saa kumi na mbili mnafunga."

Nilikuwa nimevaa sare zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kupigiwa makofi ndani yake mpaka dakika ile. Nilikuwa sijui hata kwamba jambo hilo linawezekana. Mama mmoja akarusha leso. Wazee wa kwenye mataruma wakasimama. Wewe ulinishika mkono wa shati, hapa kwenye kiwiko, kwa vidole viwili, kama ulivyokuwa ukinishika sokoni ukiwa mdogo, na ukaanza ubeti wa pili hujaniachia. Nilishuka naona maji maji tu. Inspekta alikuwa anatazama saa yake. "Saa kumi na mbili, Sajenti. Ikizidi dakika moja ni juu yako." Mlifunga ikiwa imebaki dakika tano. Nilikuwa nimesimama pale nahesabu.

Tulirudi kambini kwa miguu, wewe na mimi, tukiifuata reli, jua likiwa bado juu ya mapaa, na ndipo nilipokuambia kwamba mstari mmoja umekosea.

"Upi?" ukauliza, umekunja uso tayari kwa vita.

"Pale unaposema polisi walikuwa wanacheka Namuwongo. Hatukucheka."

"Suzi aliniambia."

"Suzi alikuwa analia, hakuona vizuri. Mimi nilikuwepo. Tungecheka ningekuambia leo."

Ndipo nikakueleza habari ya birika. Mama mmoja alikuwa anatoa vitu vyake haraka, mtoto kiunoni, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu, akasema, "Afande, nishikie birika," akaniwekea mkononi kabla sijajibu. Nilisimama nalo kazi nzima. Bunduki begani, birika mkononi, chai ndani yake bado moto. Hakuna aliyecheka. Hata waliotaka kucheka waliniona wakaacha.

Hukuniambia pole, hukuniambia aibu. Ulitoa kalamu. "Lilikuwa la rangi gani?"

"Bluu. Mfuniko umefungwa kwa uzi."

"Ulilirudisha?"

"Nililirudisha. Chai ilikuwa imepoa."

Ukaandika pale pale, umesimama kwenye taruma la reli, na wiki hiyo ukaubadilisha ule mstari, na mwezi uliofuata ukatoa wimbo mzima. Afande, nishikie birika, chai bado ya moto. Wewe vunja nyumba, mimi nishike mtoto. Watu wanadhani uliubuni. Mimi yule mama nimemtafuta bondeni mara nyingi bila kumpata, lakini najua alikuwepo, na sasa watu wengi wanamjua. Ukifika huko na vijana wakakusifu kwa ukali wako, kumbuka kwamba wimbo wako mkali kuliko zote ulitokea siku uliyokubali kuulizia rangi ya birika.

Adhabu yangu ilikuja wiki tatu baadaye. Nilishushwa kuwa koplo, nikahamishiwa getini kwenye bandari ya Port Bell kuhesabu malori. Mama yako alichukua wembe akafumua utepe mmoja kwenye kila mkono wa shati, akalitikisa, akasema, "Sasa limekuwa jepesi." Nilimpenda upya siku hiyo, nakuambia.

Na yeye ndiye aliyefanya kubwa kuliko sisi wote. Ulikuwa Jinja siku mkubwa kutoka makao makuu alipokuja kukagua kambi, kwa hiyo umeisikia kwa vipande. Nikuandikie nzima, ubaki nayo. Walikuwa wamefagia njia ya gwaride na kupaka mawe chokaa, na mgeni alitakiwa apite njia hiyo, anywe soda, aondoke. Alipofika kwenye safu ya kwanza ya mabati, mama yako akawasha simu yake kwenye kispika anachotumia kuita wateja wa kikomando. Mvua ikaanza kunyesha kwenye wimbo. Jirani akawasha ya kwake, na wa pili, na wa tatu, mpaka mabati yote yakawa yanapiga mlango mmoja. Mkubwa akasimama.

"Huu ni wimbo gani?"

"Ni wa nyumba hii, mheshimiwa," mama yako akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kakamega, amekunja kanga kiunoni. "Karibu ndani. Ila ingia pole."

Akaangalia wasaidizi wake. Hapakuwa na njia ya kukataa mbele ya akina mama wote wale. Akainama. Hakuinama vya kutosha. Bati likamtoa kofia, ikabingirika mpaka kwenye karai la maharage. Alikaa humo ndani kwa muda ambao chai ingeweza kuchemka, saa sita ya mchana, kwenye bati. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni na kofia ameishika mkononi.

"Mnalala watu wangapi humu?"

"Sita," mama yako akasema. "Na pazia."

Kabla mwaka haujaisha safu ya kwanza ilibomolewa, na hao waliohamishwa safari hii walihamishwa na vitu vyao kuingia nyumba za matofali. Okello yumo. Siku ya kwanza alipita mlangoni kwake mara nyingi, anaingia anatoka, kichwa juu, mpaka majirani wakamfukuza. Wapo wanaosema mpango ulikuwepo tangu zamani. Inawezekana. Mimi sikuona mpango. Niliona mtu mkubwa ameinama. Safu yetu bado, lakini matofali yamekwisha kumwagwa, nayaona kutoka hapa nilipokaa.

Na Port Bell, mahali pa kuniadhibu, ndipo palipokufungulia safari hii. Pale kuna fundi wa meli inayobeba mabehewa ya reli, Masanja, mtu wa Mwanza, anayependa kuja kukaa kibandani kwangu meli ikiwa inapakia. Siku moja akanisikia nasikiliza "Birika". Akauliza ni nani huyo. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo, Ayikoru. Nilikuwa nimelisubiri tangu siku ya ofisini. Nikamwambia, "Ni binti yangu," nikamrushia nyimbo zako zote kwa simu. Aliporudi safari iliyofuata alisema mpwa wake mwenye studio hajalala vizuri tangu azisikie. Mengine unayajua. Mwaka mzima, albamu nzima, na chumba chenye mlango ambao mpwa wake ameapa ni mrefu.

Kuna neno moja tu la kukuongezea. Kule wanakijua Kiswahili tangu kwenye maziwa ya mama zao. Watakisikia chako wacheke, watasema unachanganya ngeli, unapoteza herufi, umejifunzia kambini. Umejifunzia kambini kweli. Mimi nilipokwenda kozi niliona aibu hiyo, nikajisugua mpaka nikaandika hivi unavyosoma, na sijutii, kwa kuwa ripoti zangu zinaeleweka. Lakini hakuna aliyewahi kusikiliza ripoti yangu mara mbili. Jifunze chao chote, ujue kila neno lao, kisha ukisimama mbele ya maikrofoni useme kama Nalongo anavyosema. Aliyesimama tangu asubuhi atakuelewa popote alipo.

Mama yako ameshinda habari ya blanketi, nasikia. Hongera kwake. Natia barua hii ndani ya hilo blanketi, kwa hiyo hutaisoma mpaka ukubali kwamba kuna baridi.

Meli inaondoka kesho saa nane mchana, na mimi niko zamu getini. Nimebadilishana na mwenzangu makusudi. Utafika kama abiria wengine, nitaomba hati yako, nitafungua begi lako kama linavyofunguliwa la kila mtu. Nitakuwa kazini, kwa hiyo sitakukumbatia, na mama yako atalia kwa niaba yetu sote. Lakini ukishavuka ile kamba ya getini nitakuita mpaka ugeuke, kwa hiyo ukisoma haya utakuwa umekwisha kuyaona. Nitagonga visigino na kukupigia saluti, ile kamili, ya mkono mpaka ukingo wa kofia, ambayo kanuni zinasema anapigiwa mkubwa peke yake. Msimamizi wa zamu akiniuliza nampigia nani, safari hii nimejiandaa vizuri na jibu.

Ni mimi baba yako,
Koplo Juma